Msaidizi wa tiba kwa vitendo si mchuaji

Mleta mada, umeuliza kama msaidizi wa mtoa tiba kwa vitendo ni "mtu wa kuchua wagonjwa" tu, maana mdogo wako kaitiwa kazi hiyo. Hapana mkuu. Kunyoosha viungo na kumfundisha mtu kutembea ni zaidi shughuli ya fiziotherapia. Sisi wa tiba kwa vitendo tunahangaika mgonjwa aweze tena kula, kuoga, kuvaa, kukuna nazi, mtu arudi gengeni kwake.

Mtoa tiba ndiye anayempima mgonjwa na kupanga malengo. Msaidizi anafanya mazoezi na mgonjwa, anaandaa vifaa, anamwelekeza anayeuguza nyumbani, anaandika kilichotokea.

Nilipoanza hapa Tanga nilipewa mzee wa Makorora, kiharusi kimempiga upande wa kulia. Mpango ulisema ajifunze kushika kijiko kwa kushoto. Siku tatu mzee kafunga mdomo. Nikaandika "hana ushirikiano" (ukiona msaidizi kaandika hivyo, jua bado mgeni). Mkewe akanivuta pembeni: "Mwanangu, huyu tangu atiwe adabu chuo cha Kurani hajala kwa kushoto." Shehe alishamwambia mwenye udhuru hana dhambi, moyo wake ukagoma.

Sikubadilisha mpango, hayo si mamlaka yangu. Nikampelekea mtoa tiba habari. Alipompima tena akakuta vidole vya kulia vina nguvu kidogo: basi mkono wa kulia ushike kijiko, wa kushoto uushikilie kwenye kifundo. Mpini wa kijiko nikauzungushia vipande vya tyubu ya baiskeli mpaka ukanenepa. Tanga hii tyubu mbovu hukosi. Wiki ya pili wali ukafika mdomoni, nusu yake kifuani.

Shati: mkono mgonjwa huanza kuingia, wakati wa kuvua, mzima ndio hutangulia. Na mdogo wako asiruhusu ndugu wamnyanyue mgonjwa kwa kuvuta mkono uliolegea, bega linachomoka. Mimi niliwahi kumwonea haya mkwe wa mgonjwa nikanyamaza. Bega likavimba, na mwezi mzima kila zoezi lilikuwa kilio.

Mdogo wako akitaka baadaye awe mtoa tiba mwenyewe, fani hiyo inafundishwa hospitali ya KCMC, Moshi. Kwa sasa anunue daftari. Aandike mgonjwa kala vijiko vingapi mwenyewe, vingapi kwa kushikiwa, na alichoka wakati gani. "Anaendelea vizuri" mtoa tiba hana pa kuipeleka.