Barua kwa mwanangu: mto ulio juu ya nyumba

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na sisi huku tu wazima. Ulipoiona ile picha ya Kinderdijk niliyokutumia uliniuliza: "Mama, mbona mto uko juu na nyumba ziko chini? Nani aliwashauri wajenge hapo?" Umenichekesha. Lakini wakati watu wanaanza kukaa hapo, mto haukuwa juu.

Kijiji chenyewe kiko huku Uholanzi, mashariki ya mji wa Rotterdam, kiasi cha kilomita 15, kwenye pembe inapokutana mito ya Lek na Noord. Lek ni mkono wa Rhine, maji yanayoanzia kule Uswisi. Nyuma ya kijiji ni nchi tambarare iitwayo Alblasserwaard, ambayo zamani ilikuwa kinamasi kitupu: udongo mweusi wa matete na majani yaliyooza majini kwa maelfu ya miaka. Kama miaka elfu iliyopita wakulima wakachimba mitaro wapate pa kulima. Sasa udongo ule ukikauka hunywea, na ukipigwa na hewa huoza ukaisha. Kila walipokausha, ardhi ikashuka. Iliposhuka, maji yakarudi, nao wakachimba tena. Kwa hiyo walioteremka ni wao.

Mwaka 1277 mtawala wao, Floris wa Tano, aliwaunganisha wenyeji walitunze kwa pamoja tuta la kuzuia maji ya mto. Hata hivyo, usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Novemba 1421 dhoruba ilibomoa matuta, na nchi jirani upande wa kusini ikazama. Sehemu yake mpaka leo ni kinamasi cha Biesbosch. Wanasimulia kwamba baada ya gharika susu ya mtoto ilionekana ikielea, na paka akirukaruka huku na huku ndani yake ili isipinduke, hadi ikakwama kwenye tuta. Eti ndiyo asili ya jina la kijiji, maana Kinderdijk ni "tuta la watoto". Mimi paka huyo simwamini, lakini ukimkanusha mbele ya wazee wa hapa utajuta.

Vinu vya upepo ulivyoviona havisagi nafaka. Vingi vilijengwa mwaka 1738 na 1740, wakati ardhi ilishashuka mno hata maji hayakuweza tena kutoka yenyewe mto ukipwa. Kinu kinazungusha gurudumu lenye makafi, linalosukuma maji kutoka kwenye mitaro na kuyapandisha hadi kwenye bwawa la akiba. Lek ikipungua, milango inafunguliwa, yanakwenda zake. Vimebaki 19, na UNESCO iliviingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1997. Vingine bado vinakaliwa na familia. Mabawa yake hupita karibu kabisa na ardhi, ndiyo maana kinu kina milango miwili: bawa likipita upande huu, unatokea upande wa pili. Penye msiba, husimamisha bawa likiwa limepita kidogo tu sehemu ya chini kabisa. Penye furaha, likiwa halijafika.

Mashine za mvuke zilikuja mwaka 1868, na leo kazi hiyo inafanywa na parafujo kubwa za chuma zinazokwenda kwa mtambo. Na bado mwaka 1953 tuta la Papendrecht, hapo jirani, lilipasuka na maji yakaingia Alblasserwaard.

Umeuliza pia kama siogopi. Siogopi sana. Kuna baraza la maji lenye kazi hiyo tu, linachaguliwa kwa kura kila baada ya miaka minne, nami hupiga. Kodi yake nailipa kila mwaka, nikinung'unika kama wenzangu. Kinachonikera ni kwamba ardhi bado inashuka, kwa sababu wafugaji wanataka malisho makavu, na kila mwanasiasa anaogopa kuwaambia waache maji yapande kidogo.

Ukija, tutakwenda kwa boti ya abiria kutoka Rotterdam badala ya basi, ujionee mwenyewe mapaa ya nyumba yakiwa chini ya tuta. Na uje na koti, maana pale juu upepo hauna adabu.

Mama yako