Mwanangu anamaliza hesabu, kisha anaadhibiwa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu ana miaka minane, yuko darasa la tatu. Mwalimu akiandika hesabu kumi ubaoni, yeye huwa kashamaliza wenzake wakiwa bado wananakili, halafu anaanza kuwachokoza. Kila wiki naitwa shuleni: mtoto mtundu. Jioni huwatazama wazee wa barazani wakicheza bao, na huwaambia kete itaishia shimo gani kabla haijafika. Shemeji yangu ananiambia niombe arushwe darasa. Nifanyeje?
Mama S., Makorora, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hilo la bao ndilo lililonifanya niichukue barua yako kwanza. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na hesabu yake hubadilika kila mkono unapopita. Mtoto wa miaka minane anayeiona mbele ana akili inayotaka kazi.

Nenda kwa mwalimu wake, lakini usiende kushtaki; ana darasa zima mbele yake. Mwombe jambo moja: mtoto akimaliza zile kumi, asiongezewe kumi nyingine za aina ile ile, maana huko ni kumwadhibu kwa kuwahi. Apewe moja ngumu, au atunge ya kwake awaulize wenzake.

Kurushwa darasa kunamfaa mtoto aliyewazidi wenzake karibu katika kila somo na ambaye mwenyewe anataka. Wako umenieleza hesabu tu. Anasomaje? Anaandikaje? Usiharakishe kabla hujajua. Wala usingoje shule za vipaji maalumu kama Kibaha, Ilboru au Mzumbe. Hizo ni za sekondari, na yeye anachoka leo.

Tena wewe una heri, wako anaonekana. Nilipokuwa mgeni kazini nilimfundisha binti wa mvuvi, darasa la nne. Hanyooshi mkono, imla anakosa. Nikamwandika mzito. Siku moja tukiwa ufukweni akaniambia Ijumaa maji yatajaa saa ngapi, na bamvua litaingia lini. Alikuwa amegundua mwenyewe kwamba maji huchelewa karibu dakika hamsini kila siku. Mwaka mzima nilikuwa nimempima kwa imla! Mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Basi sikiliza maswali yake. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, huko Lushoto mkoani kwetu, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu aliouweka ndani ya friji ukiwa wa moto umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza, alichekwa. Hakuacha kuuliza, hadi akakutana na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, ambaye alikwenda kulipima jambo lenyewe. Mwaka 1969 makala yao ya pamoja ikachapishwa.

Mnunulie daftari moja la maswali tu. Lile usilolijua, mwambie hulijui, kisha Jumamosi mlipeleke pamoja maktaba ya mkoa. Na usimwite profesa mbele za watu: mtoto akishazoea sifa ya akili, huogopa kazi ambayo huenda akaikosa.

Wale wazee nao waombe wampe nafasi acheze, asiishie kutazama. Wakimfunga, ni vizuri. Ataona kuna jambo bado hajaliweza, na kesho atarudi barazani.