Zamu Zikianza Kupunguzwa, Usisubiri Barua

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba kiwandani kwao zamu ya usiku imefutwa, ovataimu hakuna tena, na ghala limejaa mali isiyotoka. Anauliza: asubiri au aondoke? Ndugu yangu, nakujibu hadharani maana hauko peke yako.

Mimi nilikuwa fundi wa sahani, yaani mabamba ya kuchapia magazeti. Tulipanga filamu za kurasa juu ya meza ya taa, tukazikata kwa wembe, tukazibandika kwa selotepu, kisha tukachoma sahani kwa mwanga. Ukurasa wa rangi ulitaka filamu nne zikae sawasawa; zikipishana kidogo tu, picha inatoka na kivuli. Kwa kazi hiyo sikuwa na mpinzani, nasema bila haya. Ikaja mashine ya leza inayotoa ukurasa kwenye kompyuta na kuuchora moja kwa moja kwenye sahani. Chumba kizima kikabaki na mtu mmoja. Majina ya walioachishwa kazi tuliyasoma ubaoni, na hilo linaniuma hadi leo.

Mtu huyo mmoja nilikuwa mimi, kwa sababu saa za mapumziko nilikuwa nakaa na vijana wa kompyuta. Lakini wasomaji walipohamia kwenye simu, magazeti yenyewe yakapungua, na safari hii ujuzi wa mashine haukumwokoa mtu. Hapo ndipo penye jambo. Teknolojia ikikutoa, kazi bado ipo, jifunze mashine mpya. Soko likikauka, achana na bidhaa hiyo, beba ujuzi wako uende nao penye wanunuzi. Mimi nilipeleka jicho langu la rangi kwenye maboksi na lebo, maana hata anayenunua kwa simu hupokea boksi.

Wala usijifariji kwamba kampuni yenu ni kubwa. Kamera ya dijitali ilitengenezwa Kodak kwenyewe, kampuni kubwa ya filamu za picha, na mhandisi Steven Sasson, mwaka 1975. Januari 2012 Kodak hiyo hiyo ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Kwa hiyo jifunze, ndugu yangu. Jifunze ungali na mshahara, usingoje kuambiwa. Ghala lililojaa limeshakuambia. Wiki hii omba cheti cha utumishi kinachotaja kila mashine uliyoendesha, hakiki michango yako ya pensheni, na usisaini karatasi ya kiinua mgongo kabla mtu wa chama cha wafanyakazi hajaisoma.