Mwanangu, kabla hujaketi mezani kwao

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mwalimu wako wa hapo Guangzhou, China, amekualika mkahawani Jumamosi, na wazazi wake watakuwepo. Unaniuliza ule vipi, na nguruwe na pombe uvikatae vipi bila kumvunjia heshima.

Hilo la mwisho halingoji Jumamosi. Mwambie leo kwamba unakula *qingzhen*. Ndivyo wanavyoita chakula halali, na mji huo una Waislamu tangu karne nyingi. Nenda Msikiti wa Huaisheng ujionee. Akijua mapema atachagua mahali panapokufaa. Ukinyamaza mpaka sahani zifike, utamfadhaisha mbele ya wazazi wake. Wakinyanyua glasi na kusema *ganbei*, yaani kausha glasi, wewe nyanyua chai useme *yi cha dai jiu*, yaani chai mahali pa pombe. Ukigonganisha na wazee, kishike kikombe kwa mikono miwili, na ukingo wake uwe chini kidogo ya wa kwao.

Usijichagulie kiti. Kile kinachotazama mlango kwa kawaida ni cha mgeni wa heshima au mkubwa wao, basi ngoja uonyeshwe, na wazee ndio waanze kula.

Chakula kitakuwa katikati, cha wote. Pakua kwa vijiti vya kupakulia vikiwepo, na uchukue upande ulio karibu nawe, usipekuepekue kutafuta kipande kizuri. Hilo unalijua tangu utotoni, kwenye sinia: kula mbele yako.

Vijiti vyako usivichomeke wima kwenye wali. Mimi nilifanya hivyo safari yangu ya kwanza ya kufuata mzigo. Mama wa mwenyeji wangu alinyoosha mkono akavilaza taratibu, bila neno. Baadaye ndipo nikaelezwa kwamba hivyo ndivyo wanavyosimamisha vijiti vya udi mbele ya marehemu wao, na yule mama alikuwa amefiwa na mumewe mwaka uleule. Mpaka leo nikimkumbuka naumia.

Mtu akikumiminia chai, gonga meza polepole kwa ncha za vidole viwili. Ndiyo asante ya Wakantoni, wenyeji wa huko, na mazungumzo hayakatiki. Samaki akiliwa upande mmoja, usimgeuze. Kwa watu wa pwani yao ni kama kupindua mashua. Mama wa mwalimu akikuwekea kipande kwenye bakuli, kula, mwanangu, huko ndiko kukupenda kwake. Ukishiba bakisha kidogo, maana bakuli tupu litajazwa tena.

Bili italipwa na aliyekualika. Wewe usiende mikono mitupu, ila saa ya ukutani usimpe mtu kamwe: kwa Kichina, kumpa mtu saa hutamkwa sawa na kumsindikiza anayekufa. Zile korosho za Mtwara nilizokufungia zimebaki? Mpelekee mama yake, umkabidhi kwa mikono miwili.

Mama yako