Mkaratusi umenipa rangi ya uji badala ya chungwa

Swali: Nipo Njombe, nashona mikoba na mitandio. Nilichemsha ndoo nzima ya majani ya mkaratusi kwa saa moja, nikachuja, nikatumbukiza mita mbili za marekani, kile kitambaa cha pamba. Nilitarajia rangi ya chungwa kama ile ya kwenye picha nilizoziona. Nikapata rangi ya uji wa ulezi, na baada ya kufua mara mbili hata hiyo imefifia. Chumvi na siki niliweka ili rangi ishike. Nimekosea wapi?

Jibu: Usianze kulaumu majani wala moto. Tatizo la kwanza ni kitambaa. Picha hizo za rangi ya chungwa, kwa uzoefu wangu, karibu zote ni za sufu au hariri. Nyuzi hizo zimetoka kwa mnyama, ni protini, na rangi ya mkaratusi huzing'ang'ania bila dawa yoyote mradi moto uwe wa kutosha. Pamba ni kitu kingine. Rangi hii inaipitia juu juu, kisha inaondoka na maji ya kufulia. Chumvi na siki zina kazi yake kwenye baadhi ya rangi za dukani. Hapa umezipoteza bure.

Usiniamini kwa maneno tu. Tafuta uzi wa sufu, utumbukize kwenye supu hiyo hiyo ya majani, uache itokote polepole zaidi ya saa moja. Mwanzoni utauona wa njano tu na utataka kukata tamaa. Wekundu, kama mti wako unao, huja baadaye. Ila hakikisha ni sufu kweli, maana nyuzi nyingi za kufumia madukani ni akriliki. Choma ncha kidogo: sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika kwenye vidole, akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Na mti nao una neno lake. Unaosifika kwa wekundu ni Eucalyptus cinerea, wenye majani ya mviringo ya kijivu kama fedha, yale ambayo wauza maua huyachanganya kwenye mashada. Mikaratusi ya nguzo na mbao iliyojaa huko kwenu ni ya jamii nyingine, na huenda ikakupa njano au kahawia hata kwenye sufu. Jaribu mti mmoja mmoja, uandike.

Sasa hiyo marekani yako. Ukiinunua inakuja na wanga wa kiwandani na mafuta ya pamba yenyewe. Ichemshe kwanza kwa sabuni na magadi kidogo kwa saa nzima. Maji yatatoka ya njano kama chai, na hapo ndipo utajua kilichokuwa kinazuia rangi. Suuza. Kisha iloweke usiku kucha kwenye maji ya moto yaliyochemshiwa kitu chenye ukakasi. Wewe upo Njombe, magome ya miwati hayakupi shida, ingawa yenyewe huacha kahawia yenye wekundu; ukitaka njano safi tumia maganda ya komamanga. Baada ya hapo ndipo uje na shabu (alum), inayoshikisha rangi: kwa kila gramu 200 za kitambaa kikavu, gramu 30 za shabu na gramu 4 hivi za magadi. Yeyusha kila kimoja peke yake kwa maji ya moto, changanya taratibu kwa sababu povu litapanda, kisha loweka tena hadi asubuhi. Ukikitia kwenye mkaratusi sasa, majani yakiwa na uzito usiopungua wa kitambaa, utapata njano ya haradali au kahawia ya dhahabu inayodumu. Chungwa usiitegemee.

Mimi kwenye pamba napenda zaidi kijivu. Misumari yenye kutu, siki na maji kwenye chupa isiyofungwa sana, wiki mbili. Vijiko vichache vya maji hayo kwenye ndoo, chovya kitambaa kilichotoka kwenye mkaratusi, na utakiona kinageuka mbele ya macho yako kuwa rangi ya wingu la mvua. Dakika chache zinatosha. Ukizidisha, chuma hula uzi na mkoba utachanika pembeni kabla ya mwaka.

Fua kwa shampuu au sabuni laini. Sabuni ya unga ni kali na huibadilisha rangi.

Chemshia nje, mvuke wa mkaratusi mwingi hukaba kifua, hasa kwa mwenye pumu. Na sufuria iwe ya chuma cha pua, ya kazi hii peke yake. Mimi niliwahi kutia sufu kwenye sufuria niliyokuwa nimeitumia kwa maji ya misumari, nikiamini nimeisugua vya kutosha. Kilo nzima ilitoka rangi ya zeituni iliyooza. Tangu hapo nina sufuria mbili, na ile ya maji ya misumari nimeifunga kamba nyekundu kwenye mkono wake.