Nikope kikoba nilipe ada?

*Shangazi, nauza viazi Uyole, Mbeya, mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Mtoto wetu wa kwanza yuko darasa la tatu shule ya serikali. Darasani wako themanini na kitu. Baba yake anataka ahamie shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza, ada milioni moja na laki mbili kwa mwaka, nauli ya gari la shule kando, nami nikope kikoba, kile kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tulipe awamu ya kwanza. Wadogo zake wawili wako nyuma. Nikikataa naambiwa sipendi maendeleo.*

Ndaga, asante kwa barua, mwanangu.

Wewe muuza viazi unaijua lumbesa, gunia lililoshonewa nyongeza juu. Ada ya shule binafsi ndiyo hiyo: bei ya gunia umetajiwa, kile kilichoshonewa juu bado. Kuna sare mbili, vitabu, sweta la rangi yao, chakula. Na kikoba ni mtaji: unakopa, unanunua shambani, unauza, unarejesha na riba. Ada hairejeshi kitu mwezi ujao. Awamu ya pili itakukuta hujamaliza deni la kwanza, viazi vikishuka bei atakayerudishwa getini ni mtoto.

Mumeo ana hoja. Themanini kwa mwalimu mmoja ni wengi, daftari hazisahihishwi zote. Ada serikalini ilifutwa, lakini michango ya uji na mitihani unaijua. Lugha ndiyo inayouma zaidi: msingi wote kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza baiolojia na jiografia zinageuka Kiingereza ghafla. Wapo wanaonyamaza darasani mwaka mzima.

Ila kwa darasa la tatu, ulizeni kwanza: watampokea darasa gani? Wengi hurudishwa nyuma kwa sababu ya lugha, na mwaka huo nao unalipiwa. Akipokelewa palepale, upimaji wa darasa la nne unamsubiri kwa Kiingereza.

Leo usiku mpe kitabu asome ukurasa mmoja, kisha akueleze alichosoma. Akieleza vizuri, shule yake inamfundisha. Akikwama, nenda kwa mwalimu wa darasa kesho, usingoje kikao cha wazazi. Kiingereza mtafutie mwalimu wa Jumamosi. Hata nauli ya gari la shule inaweza kumlipa. Akishamaliza msingi, ile miezi kabla ya Januari mpelekeni masomo ya kujiandaa na kidato cha kwanza. Hela yake anzeni kuiweka sasa, kidogo kidogo.

Kwa mumeo usiseme "hatuna uwezo", utamjeruhi. (Nahisi kuna mtoto wa jirani anayesalimia "gudi moningi" kila asubuhi.) Kaeni na kalamu, mpige hesabu ya ada ya watoto watatu mpaka wamalize. Bado anataka? Aweke ya mwaka mzima kutoka kwenye kuchomelea, mkononi, kabla ya uhamisho. Mtaji wa viazi uache ulipo.