Kifaa hakijatoka mpaka mgeni aseme kimetoka

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikaa kwenye ofisi ndogo pale Kirumba, Mwanza, na kazi niliyokabidhiwa ilikuwa ya kadi moja ya PCI, yaani ya kuchomekwa kwenye soketi ya ndani ya kompyuta, inayosoma vipima kina cha maji. Kadi halisi ilikuwa moja, watu wa kuitumia wanne. Nikaamua kuandika kadi ya kuigiza ndani ya QEMU, programu ya kuigiza kompyuta nzima (mashine pepe) ndani ya kompyuta nyingine, aliyoianzisha Fabrice Bellard mwaka 2003, ili kila mmoja apate kadi yake kwenye laptopu yake. Ilikubali vizuri. Shida ilianza siku tulipotaka kuichomoa kadi hiyo huku mashine pepe inawaka.

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hizi, nawaandikia nilichojifunza wiki zile tatu, kwa sababu kila kijana ninayempokea ofisini huanguka palepale nilipoanguka.

Nilituma `device_del`, amri ya kuchomoa kifaa, QEMU ikajibu sawa. Nikatuma `device_add`, ya kukichomeka, kwa kitambulisho kilekile, ikanirudishia kwamba kitambulisho hicho tayari kipo. Nikashinda siku nzima nikipekua msimbo kutafuta kosa. Jioni dada mmoja aliyenitangulia kazini alisimama nyuma yangu akauliza swali moja: "Mdogo wangu, mgeni amekwambia ameshakitoa?"

Sikuwa nimemsikiliza mgeni hata kidogo. Katika kazi hii mgeni ni mfumo unaoendeshwa ndani ya mashine pepe, na mwenyeji ni kompyuta yako. `device_del` ni ombi tu. Ile "sawa" ya QEMU ina maana kwamba ombi limefikishwa. Mgeni ndiye anayesimamisha draiva, anayekata umeme wa soketi, ndipo QEMU inakiondoa kifaa na kutangaza tukio la `DEVICE_DELETED` kwenye QMP, njia ambayo programu huitumia kuzungumza na QEMU. Mpaka usome tangazo hilo, kifaa bado kipo na jina lake bado limeshikwa. Na ukituma ombi wakati mgeni ndiyo kwanza anaanza kuwaka, keneli yake (kiini cha mfumo) haijawa tayari, ombi linaweza kupotea bila mtu kulisikia.

Kuna jambo la PCI Express, kizazi kipya cha PCI, ambalo laiti ningeambiwa mapema. Huko uchomoaji huigiza mtu anayebonyeza kitufe kilicho kando ya soketi. Kitufe kikibonyezwa, mgeni husubiri sekunde 5, na kikibonyezwa tena ndani ya muda huo, ombi linafutwa. Basi fikiria kijana asiye na subira: anatuma, haoni kitu, anatuma tena. Amejifutia mwenyewe. Matoleo mapya ya QEMU hukataa ombi la pili, lakini seva nyingi zina matoleo ya zamani. Hakikisha pia kwamba kwenye q35, aina ya mashine pepe yenye PCI Express, kifaa chako kimekaa kwenye soketi ya `pcie-root-port`, maana njia kuu ya vifaa, `pcie.0`, haikubali kuchomekwa kitu mashine ikiwa inawaka.

Hayo yalikuwa makosa yangu ya kutumia. Hitilafu yenyewe ilikuja baadaye, nilipoanza kusubiri kama inavyotakiwa. Tukio linafika, kila kitu kinaonekana safi, halafu baada ya sekunde mbili tatu QEMU nzima inakufa. Siku nyingine haifi. Hitilafu ya namna hii ndiyo inayochosha moyo, kwa sababu unabadilisha mstari, unajaribu mara tatu, haifi, unafurahi, kesho yake inakufa mbele ya bosi.

Dirisha letu lilitazama upande wa Mwaloni, soko la samaki la ufukweni, na picha iliyonisaidia kuelewa niliitoa huko. Mtumbwi ukifika na magunia ya dagaa kutoka visiwani, wapagazi wanapanda kushusha. Mwenye mtumbwi hawezi kuusukuma majini mpaka mpagazi wa mwisho ashuke, kwa hiyo anawahesabu. QEMU inafanya hivyohivyo: kila sehemu inayokishika kifaa inaongeza hesabu kwa `object_ref`, ikimaliza inapunguza kwa `object_unref`, na hesabu ikifika sifuri kumbukumbu ya kifaa inaachiwa. Mimi nilikuwa na mpagazi ambaye hakuhesabiwa. Kadi yangu ilisoma kipimo kila baada ya muda kwa kutumia taima niliyoiunda ndani ya `realize`, sehemu ya msimbo inayokiandaa kifaa kianze kazi. Kwenye `unrealize`, sehemu ya kukiondoa (kwa kadi za PCI huandikwa kama `exit`), sikuandika chochote. Kifaa kiliondoka, taima ikabaki kwenye orodha ya QEMU na anwani ya kifaa kilichokwisha kuachiwa. Muda wake ukifika, inaamka na kushika kumbukumbu ambayo si yake.

Kwa nini ilikufa mara moja moja? Kwanza, taima ilikuwa hai pale tu mgeni alipokuwa akisoma vipimo. Pili, kumbukumbu iliyoachiwa ikiwa haijapewa mwingine, data ya zamani bado imelala mle, na msimbo unapita kana kwamba hakuna lililotokea.

Sikuigundua kwa kufikiri. Nilijenga QEMU upya kwa `--enable-asan`, kinachokagua matumizi mabaya ya kumbukumbu (matoleo ya zamani hutumia `--enable-sanitizers`), na jaribio la kwanza tu likanionyesha mstari ulioachia kumbukumbu na mstari ulioigusa baadaye. Fanyeni hivyo siku ya kwanza, msisubiri wiki ya tatu kama mimi. Mwenye laptopu dhaifu aongeze `--target-list=x86_64-softmmu`, ili asijenge mashine za aina zote. Na usipakue msimbo kwa `--depth 1`, yaani bila historia yake, ili kuokoa bando. Nilifanya hivyo, kisha nilipotaka `git bisect`, amri ya kutafuta badiliko lililoleta hitilafu, sikuwa na historia ya kurudi nyuma, nikapakua yote upya usiku.

Tiba ilikuwa mstari mmoja, `timer_free` ndani ya `unrealize`. Lakini nilipokaa kusoma upya niliona pengo jingine. `realize` ikishindwa katikati, `unrealize` haiitwi. Kwa hiyo ulichokwisha kukiunda kabla ya kushindwa ukiondoe mwenyewe, kwa mpangilio wa kurudi nyuma: cha mwisho kuundwa kianze kuondolewa. Ulichokiunda kwenye `instance_init`, inayotangulia `realize`, nacho kina mahali pake pa kuondolewa, `instance_finalize`. Siku hizi nikiandika kifaa, kila mstari wa kuunda naufuatisha papo hapo na wa kuondoa, kabla sijaendelea na lingine.

Usitume kiraka, yaani badiliko lako la msimbo, kwa watunzaji wa QEMU bila jaribio. Kwenye folda ya `tests/qtest` ya msimbo wa QEMU kuna `device-plug-test.c`, fupi na rahisi kuiga. Ina ufundi ninaoupenda sana: kwa kuwa mle hamna mfumo wa mgeni wa kujibu, baada ya kuomba kuchomoa, jaribio linaiwasha mashine upya, na uchomoaji uliokuwa ukisubiri unakamilika hapo. Hutahitaji kubeba faili la diski ya mgeni la magigabaiti.

Katika maelezo ya kiraka, andika mtu afanye nini ili aione hitilafu, kwa nini inatokea, ndipo useme ulichobadilisha. Weka mstari wa `Signed-off-by` wenye jina lako, kisha endesha `scripts/get_maintainer.pl` ikuonyeshe nani wa kumtumia. Wakikurudishia na maswali, jibu swali kwa swali. Mimi niliulizwa kama kadi huchomoka salama mgeni akiwa katikati ya kusoma. Sikujibu siku ile. Niliandika kitanzi cha kuchomeka na kuchomoa mara 1,000 huku mgeni akisoma bila kupumzika, nikakiacha usiku kucha, na asubuhi, wapagazi wakiwa wameshaanza kelele zao pale Mwaloni, nikahesabu matukio ya `DEVICE_DELETED` kwenye logi. Yalikuwa 1,000 kamili.